Wasomaji wanauliza: Ni kiziwi, ni bubu, au mtoto tu "hasikii"?

Safari hii meseji nyingi zimeangukia kwenye masikio, sijui ni hii baridi ya mwezi wa saba na mafua yake au ni nini, ila nimeona nizijibu kwa pamoja maana zinashikana. Majina nimeyaweka pembeni, maeneo nimeyaacha.

SWALI: Mi ni mkazi wa Njiro, Arusha. Kwenye kikao cha harusi nilikuwa naelekeza watu kwa fundi wa kushona sare, nikasema "yule fundi kiziwi wa Kijenge". Mama mmoja akanikata kauli, eti hilo ni tusi, siku hizi inasemwa "mtu mwenye changamoto ya usikivu". Mwenyekiti naye akadakia kwamba heshima ni kusema bubu. Nilinywea kabisa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kati yenu watatu wewe ndo ulikuwa karibu na ukweli, na mwenyekiti ndo kapotea njia kabisa. Kiziwi ni mtu asiyesikia, hali yenyewe inaitwa uziwi, basi. Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Ni vitu viwili tofauti ila watu wanavichanganya kila siku kwa sababu mtu aliyezaliwa kiziwi mara nyingi haongei kwa mdomo, lakini ukimpima koo na ulimi unakuta vyote vizima, kilichotokea ni kwamba mtoto anajifunza kuongea kwa kusikia wengine wakiongea, sasa kama sauti haikuingia toka mwanzo ya kutoka ataiiga wapi? Na yule aliyepata uziwi akiwa na miaka 40, tuseme baada ya homa ya uti wa mgongo, anaendelea kupiga stori kama kawaida, ila wewe ndo hakusikii. Huyo naye utamwita bubu? Viziwi wengi hilo neno ndo linawaudhi hasa, maana linawafanya watu wasio na la kusema wakati lugha wanayo, inatoka mikononi.

Hoja ya yule mama naijua inatokea wapi. Kuna watu wanasema kiziwi, kipofu, kiwete, yote yanaanza na ki-, na ki- ni ya vitu, kiti, kisu, kikombe, kwa hiyo tunamfanya binadamu kitu. Ndo maana kilema limesukumwa nje likaingia mlemavu, na zeruzeru likaachwa kabisa, na hapo kwa kweli ilikuwa haki kuliacha. Wenzetu wasioona nao chama chao kinaitwa Chama cha Wasioona Tanzania, hawakutaka kipofu. Lakini viziwi wenyewe hawakwenda huko, chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na shule iliyoko pale Mwanga mkoani Kilimanjaro ni Shule ya Viziwi Mwanga, na ile ya Tabora iliyoanza 1963 vilevile ni ya viziwi. Sasa kama wenye jina wamelibeba na kuliandika getini, mimi na wewe tunalionea aibu kwa niaba ya nani? Halafu hiyo ki- mbona kiongozi anayo, kijana anayo, kinyozi anayo, sijawahi kumsikia kiongozi analalamika. Muhimu sentensi yako imchukulie kama mtu: kiziwi amefika, viziwi wawili wanakusubiri. Ukisema "kiziwi kimefika" hapo ndo umetukana.

Hiyo "changamoto ya usikivu" mi binafsi siipendi. Umeme ukikatika ni changamoto, mchango wa harusi usipotimia ni changamoto, sasa na masikio nayo? Ila kuna neno moja zuri ambalo watu hawalitumii vya kutosha, nalo ni usikivu hafifu. Si kila mwenye shida ya masikio ni kiziwi. Shirika la Afya Duniani linapima kwa desibeli, mtu mwenye masikio mazima anasikia sauti ndogo kabisa za chini ya desibeli 20, kunong'ona ni kama 30, maongezi ya kawaida ni kama 60. Anayeanza kusikia pale sauti inapofika 40 au 50 ana usikivu hafifu, anasikia ila anapitwa na mengi. Shirika hilohilo linahesabu watu kama milioni 430 duniani wenye tatizo la kiwango cha kuhitaji huduma, na wengi wao siyo viziwi kabisa kabisa, ni hao wa katikati ambao wala hatuwajui maana wamejifunza kutikisa kichwa na kucheka pale wengine wanapocheka.

Kitu kimoja tu ningekurekebisha. Fundi ana jina. Mtaani tunapenda kufanya ulemavu wa mtu uwe ndo jina lake, "mpelekee Bubu", "muulize Kiziwi", miaka kumi mnashona kwake hamjui anaitwa nani. Muulize, atakuandikia. Na ukiwa naye karibu utakuta ana jina lingine la alama, la kuitwa kwa mkono, ambalo viziwi wenzie wamempa, labda kutokana na kovu au anavyocheka.

SWALI: Mwanangu wa kiume yuko darasa la kwanza hapa Moshi, tunakaa Pasua. Mwalimu wake kila siku ananiambia "huyu mtoto hasikii", anachapwa karibu kila wiki. Nyumbani ni kweli namwita mara tatu haitiki, ila siku nyingine namwita mara moja anakuja. Katuni anaangalia kwa sauti kubwa hadi majirani wanalalamika. Zamani sikio la kulia lilikuwa linatoa usaha, bibi yake akaweka maji ya kitunguu, likakauka, likarudi tena. Nimfanyeje ili awe msikivu?

JIBU: Mama, soma tena ulichoandika, jibu umelitoa mwenyewe kwenye mstari wa usaha.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinatuangusha kidogo. Sisi kusikia tumelipa kazi nyingi mno, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, na juu ya yote kusikia ni kutii. Mtoto msikivu ni mtoto mwenye adabu, mtoto asiyesikia ni mkaidi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hiyo mwalimu akisema "hasikii" anadhani anaongelea tabia, wewe nawe unasikia tabia, na mtoto masikini ya Mungu pengine hasikii kweli, kwa maana ya sikio. Halafu anachapwa kwa kitu asichoweza kukirekebisha, na yeye hawezi kukwambia "mama sisikii", maana hajawahi kujua wengine wanasikiaje, anadhani dunia ndo iko hivyo kwa wote.

Hilo la leo anasikia kesho hasikii ndo linalowapoteza wazazi wengi. Mtoto akipata mafua mara kwa mara ile njia ndogo inayounganisha koo na sikio la kati inaziba, maji yanajaa nyuma ya kiwambo cha sikio, usikivu unashuka, mafua yakiisha unapanda. Usaha ukitoka nje maana yake mara nyingi kiwambo kimetoboka. Sasa kwenye sikio lililotoboka ukimimina maji ya kitunguu, mafuta ya nazi, maziwa ya mama, sijui mkojo wa nini, vyote vinaingia hadi ndani ambako havitakiwi kabisa. Bibi mwambie kwa upole, alifanya kwa mapenzi, lakini aache. Kwa sasa sikio libaki kavu, akioga lisiingie maji, usaha ukitoka sokota kitambaa safi cha pamba, weka taratibu kinyonye, toa, weka kingine, usichokonoe na njiti ya kiberiti wala vijiti vya pamba. Halafu mpeleke hospitali wiki hii, siyo likizo. Mko Moshi, Mawenzi ni hospitali ya mkoa na KCMC kuna idara ya masikio, pua na koo, mwambie daktari kabisa kwamba unataka mtoto apimwe usikivu, maana usiposema ataandikiwa dawa ya usaha tu mkarudi nyumbani.

Kipimo kidogo cha nyumbani, hakichukui nafasi ya daktari: simama nyuma yake asikuone mdomo, umbali wa kama mkono mmoja, ziba sikio moja kwa kidole, nong'ona neno analolijua, "chapati", "mpira", aseme ulichosema. Rudia upande wa pili. Akishindwa mara kadhaa upande mmoja, mpeleke mapema zaidi.

Na shuleni nenda mwenyewe, usitume meseji. Usiende kugombana. Mwambie mwalimu mtoto akae mbele, upande ambao sikio zima linaelekea kwa mwalimu, na mwalimu asiongee huku anaandika ubaoni kageuka. Fimbo iwekwe pembeni mpaka majibu ya hospitali yatoke. Shirika la Afya Duniani linasema upotevu wa usikivu kwa watoto, karibu asilimia 60 unatokana na vitu vinavyoweza kuzuilika, na sikio la usaha ni mojawapo, pamoja na surua, matumbwitumbwi, uti wa mgongo na rubella kwa mama mjamzito. Ndo maana chanjo ya surua na rubella, ile ya pamoja iliyoanza hapa nchini 2014, usimruke nayo mdogo wake hata kama kliniki foleni ni ndefu.

Wenye vichanga nao wasikie hapahapa: mtoto mchanga ambaye hashtuki sufuria ikidondoka, wa miezi tisa asiyegeuka akiitwa, wa mwaka na nusu asiye na neno hata moja, msiambiwe "watoto wa kiume huchelewa kuongea". Apimwe. Mtoto kiziwi akijulikana ndani ya miezi sita ya kwanza akaanza kusaidiwa, kwa kifaa au kwa lugha ya alama au vyote, lugha inamkuta ubongo bado mbichi. Muhimbili wameanza upasuaji wa kupandikiza kifaa cha kusikia tangu 2017, zamani ilikuwa hadi India, ila huo nao una umri wake, mtoto akipelekwa na miaka kumi hajawahi kusikia kitu, daktari hana mengi ya kuahidi.

SWALI: Oya mhariri, mi mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite, kazi Mererani ila maskani Sombetini. Tangu tulipopiga baruti moja mwezi uliopita masikio yanalia nziiiii usiku kucha. Mchana huo mlio siusikii sana. Nikiweka eafoni na mziki mkubwa nalala. Washkaji wanasema ni uchafu nichokonoe. Kweli?

JIBU: Acha kuchokonoa, na hizo eafoni ndo unamwagia petroli. Ule mlio siyo uchafu kwa namna ulivyoeleza, ni sikio la ndani limeumia. Kule ndani kuna vinyweleo vidogo sana, kwa kila sikio kama elfu kumi na tano hivi, ndivyo vinavyoshika sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Mlipuko mmoja wa karibu, tena ndani ya shimo ambako sauti haina pa kutokea, unaweza kuvivunja, na kelele za kompresa na mashine ya kuchoronga kila siku zinavimaliza polepole bila hata wewe kujua. Vikifa havioti tena. Ukisharudi juu masikio yakawa mazito na yanalia, halafu kesho yake yakapoa, usidhani umepona, vingine vimeenda.

Hesabu iko hivi: desibeli 80 mtu anaweza kuvumilia saa 40 kwa wiki. Ikifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Ikifika 100 ni dakika 20. Kwa wiki, siyo kwa siku! Mashine ya kuchoronga inapita hapo bila wasiwasi. Sasa wewe unatoka shimoni na masikio yamechoka unapanda kifodi chenye spika nyuma ya kiti, ukifika geto unaweka eafoni. Pamba mnayoweka masikioni haizuii kitu cha maana, tafuteni vile vizibo vya sponji vinavyobonyezwa vikajaa sikioni, ni bei ndogo, na kama mwenye mgodi anaweza kununua mafuta ya kompresa anaweza kununua na hivyo. Usiku ukitaka kuufunika huo mlio weka redio sauti ya chini kabisa pembeni ya kitanda, siyo ndani ya sikio.

Swali langu kwako: umewahi kutibiwa TB? Nauliza kwa sababu migodini kifua ni kawaida, na baadhi ya sindano za zamani za TB, streptomaisini na kanamaisini, zinaweza kuharibu masikio moja kwa moja. Kanamaisini Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza kwa TB sugu 2018, wagonjwa wa siku hizi wanapata vidonge, ila waliochomwa kabla ya hapo wapo wengi. Jentamaisini nayo ni ndugu yao, na kwinini kwa dozi kubwa inafanya masikio yalie. Dawa yoyote unayoitumia usiiache kienyeji, ila mwambie daktari kuhusu masikio siku ya kwanza yanapoanza kulia. Na ikitokea sikio moja limezima ghafla, umelala linasikia umeamka halisikii, hiyo ni dharura, nenda siku hiyohiyo maana kuna dawa inayosaidia ikiwahi.

SWALI: Naandika kutoka Kiboriloni. Baba mkwe wangu ana miaka 78. Namwamkia "shikamoo baba", kimya. Mwanzo nilidhani kaninunia kwa sababu ya maneno ya nyuma kidogo. Lakini wakati mwingine tukinong'ona jikoni mambo ya hela anaitikia! Na anasema sisi tunamumunya maneno. Je ni uziwi au ni ujanja wa wazee?

JIBU: Nimecheka kwa hiyo ya hela, lakini mzee simtilii shaka. Uziwi wa uzeeni hauzimi sauti zote kwa pamoja, unaanza kula sauti nyembamba, s, f, t, sh, zile za kwenye ncha ya ulimi na meno. Sauti nene zinabaki. Na Kiswahili sasa karibu kila silabi inaishia na irabu, irabu zina nguvu, kwa hiyo mzee anasikia kabisa kwamba mnaongea, anasikia hata nani anaongea, ila anachopata ni irabu tupu na kazi ya kubahatisha. Chukua sita na tisa: ukitoa hizo konsonanti zote mbili ni i na a. Umemwambia anywe dawa saa sita, kaelewa saa tisa, mnaanza kusema mzee amesahau, anaanza kupoteza kumbukumbu, kumbe hakupata neno. Andikeni saa kwenye karatasi.

Na ndo maana anasema mnamumunya. Kwa upande wake ni kweli mnamumunya. Mkimpigia kelele haisaidii, mnakuza zile irabu ambazo tayari anazipata, na yeye anaona mnamfokea mbele ya wajukuu. Njoo mbele yake akuone mdomo, mguse bega kwanza, zima redio, ongea taratibu kwa sauti ya kawaida iliyo nene kidogo. Shikamoo ukimpa huku unapita nyuma ya kiti akiwa anaangalia shamba, hiyo hajaikataa, haikufika. Ile ya hela jikoni nadhani alikuwa anawaangalia midomo.

Kabla ya kununua chochote aangaliwe kama sikio limejaa nta, wazee linawajaa sana na kuosha ni kazi ya muda mfupi hospitali. Kama ni uzee wenyewe, kuna kifaa cha kusaidia kusikia, walimu wa elimu maalum wanakiita shimesikio, kinawekwa sauti kulingana na vipimo vya sikio la huyo mtu. Hivyo vinavyouzwa barabarani vinakuza kila kitu, kijiko kikigonga sahani anaruka, mwisho anakitupa kabatini. Na mjue mapema kwamba kinataka betri na kinataka wiki kadhaa za kuzoea, asilazimishwe kukivaa kanisani siku ya kwanza kwenye kwaya na matarumbeta.

SWALI: Fupi tu. Lugha ya alama au lugha ya ishara? Na nikitaka kujifunza hapa Arusha naanzia wapi? (Tengeru)

JIBU: Tanzania ni alama, Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa kifupi LAT. Wakenya wanasema lugha ya ishara. Ishara kwetu ni kama kumpungia mtu au kumkonyeza, haina sarufi, wakati lugha ya alama ina sarufi yake kamili, hadi nyusi zina kazi, ukiuliza swali bila kusogeza nyusi hujauliza. Na siyo moja kwa dunia nzima, ukivuka Namanga tu alama nyingi zinabadilika.

Wewe wa Tengeru uko pazuri, Chuo cha Ualimu Patandi kinachofundisha walimu wa elimu maalum kipo hapohapo kwenu, kaulize. CHAVITA nao wana matawi mikoani. Tarehe 23 Septemba ni siku ya kimataifa ya lugha za alama, viziwi wengi hukusanyika, nenda tu usimame nao. Anza na alfabeti ya vidole na jina lako, halafu mtafute kiziwi akufundishe mwenyewe, maana video nyingi za mtandaoni ni za Kimarekani, utajifunza mwaka mzima halafu uje umsalimie mtu stendi ya Moshi abaki anakushangaa.